Kona ya Dada: Kabla ya Namba, Soma Faili

Mdogo wangu mmoja wa Morogoro kamaliza diploma yake, kapangiwa masijala ya hospitali, na siku ya kuripoti kakabidhiwa rundo la mafaili na agizo la maneno mawili: "Weka misimbo." Aliyempa agizo akaenda zake kunywa chai. Ananiuliza, "Dada, namba zote hizi nitazikariri vipi?" Mwingine yuko Columbus, Ohio, anatunza wazee zamu ya usiku, na amesikia kuna kazi ya misimbo ya matibabu unayoifanya ukiwa nyumbani kwako, anataka kujua kama alipie kozi. Wa tatu ni kijana wa Nakuru, maana wavulana nao wananiandikia siku hizi na wanakaribishwa. Yeye yuko dirisha la bima, na kila mwezi madai ya hospitali yao yanarudishwa na bosi anamtazama yeye.

Nawajibu pamoja kwa sababu mnauliza jambo moja.

Hakuna anayekariri. Kitabu cha magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi, ambalo kila mtu analiita ICD-10, kina maelfu ya misimbo, na mtu anayejigamba kuwa anayo yote kichwani ndiye utakayemkuta ameandika ovyo. Kazi yenyewe ni kusoma. Unasoma alichoandika daktari, unaelewa mgonjwa aliumwa nini na alifanyiwa nini, ndipo unafungua kitabu. Ukielewa faili, namba utaipata. Usipolielewa, namba utaipata vilevile, ila itakuwa ya mgonjwa mwingine.

Tuanze na malaria, maana hiyo haina mgeni. Mtoto kaletwa na homa, kapimwa, kipimo kimeonyesha vimelea vya falciparum, kapewa dawa ya mseto, karudi nyumbani. Msimbo wake ni B50.9. Mwingine kaletwa anatetemeka, hajitambui, ile ambayo mitaani tunasema malaria imempanda kichwani, na daktari ameandika hivyo kwa lugha yake: huyo ni B50.0. Malaria kali ya falciparum ya namna nyingine, tuseme damu imeshuka vibaya, ni B50.8. Halafu iko B54. Hii wengi wanaipenda kwa sababu ni fupi, haina nukta, na ukitafuta neno malaria peke yake ndiyo inayokuja. Wanaipiga kwa kila mtu mwenye homa.

Sasa fungua kitabu usome B54 inasema nini: malaria iliyotajwa na tabibu bila vimelea kuthibitishwa kwa kipimo. Umeona? Hospitali yako imenunua vipimo, maabara imefanya kazi, daktari ameandika majibu, na wewe kwa kupenda njia ya mkato umewaambia mkoa na wizara kwamba hapa kwenu watu wanatibiwa malaria kwa kukisia. Mwisho wa mwaka atakuja mtu kuuliza vipimo vilikwenda wapi. Atakuwa na haki ya kuuliza.

Ndiyo maana nasema anza na faili. Karatasi ya maabara iko nyuma ya maelezo ya daktari, ifunue.

Kitabu chenyewe kina juzuu tatu, na wanaoanza hawaambiwi hivyo, wanapewa nakala iliyotolewa mashine ya fotokopi, kurasa nyingine hazipo. Juzuu ya kwanza ni orodha yenyewe, magonjwa yamepangwa kwa sura. Ya pili ni maelekezo, na hiyo ndiyo isiyosomwa na mtu. Ya tatu ni faharasa, magonjwa kwa alfabeti. Utaratibu ni huu: unaanza na faharasa, unatafuta jina la tatizo wala si jina la kiungo. Mtu kavunjika mguu, usitafute mguu, tafuta mvunjiko, kisha chini yake utafute mfupa gani. Faharasa itakupa msimbo. Usiuandike bado! Nenda nao kwenye juzuu ya kwanza ukausome mahali ulipo, na usome na vijimaneno vilivyo chini yake na vilivyo juu ya fungu zima, kwa sababu huko ndiko kitabu kinakoonya kwamba fulani na fulani hawahusiki hapa.

Onyo moja la namna hiyo litakuokoa mara nyingi. Presha ya kawaida isiyo na chanzo kingine ni I10. Mama mjamzito mwenye presha umpe I10? Soma juu ya fungu: wajawazito wametolewa humo, wamepelekwa sura ya O, sura ya ujauzito na uzazi. Sukari ni vivyo hivyo. E11 ni sukari ya aina ya pili, lakini sukari kwa mjamzito inahamia O24. Ukishika jambo hili moja, kwamba mjamzito huanza kutafutwa kwenye O kabla ya kwingine kokote, utakuwa umewazidi wengi waliokutangulia kazini.

Herufi nazo utazizoea upesi. I ni moyo na mishipa ya damu, J ni kifua na njia ya hewa, K ni tumbo na mfumo wa chakula, S na T ni majeraha na sumu. Baada ya herufi kuna tarakimu mbili, kisha nukta, kisha tarakimu inayoeleza zaidi. Hiyo ya baada ya nukta usiidharau. E11.9 ni mgonjwa wa sukari asiye na madhara. E11.2 sukari imefika kwenye figo, E11.3 imefika machoni, E11.5 imeharibu mzunguko wa damu wa miguu na mikono. Wote wanne wanaitwa "wagonjwa wa sukari" kwenye foleni ya kliniki, lakini mmoja anahitaji elimu ya chakula na mwingine yuko njiani kukatwa mguu. Tisa mwishoni mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna kilichoelezwa zaidi. Faili likiwa na maelezo na wewe ukaandika tisa, tatizo ni lako. Faili likiwa halina maelezo, tatizo ni la daktari, na hapo sasa ndipo kazi inapokuwa ngumu kwa binti aliyeajiriwa juzi.

Maana inabidi uende kumuuliza.

Najua mnavyoogopa. Daktari ana haraka, ana koti jeupe, wewe una kalamu. Nakuambia nenda. Nenda na faili mkononi, usiende kumsahihisha, nenda kuuliza, na uulize swali lisilombebesha jibu. Usiseme, "Daktari, hii si falciparum?" Sema, "Shikamoo daktari, hapa umeandika malaria kali, na majibu ya maabara ni haya. Naomba uniandikie aina na kilichoifanya iwe kali." Aandike yeye kwenye faili, atie saini na tarehe. Akikujibu kwa mdomo tu ukaenda kuandika msimbo, kesho mkaguzi akija faili halina kitu. Katika kazi hii kisichoandikwa hakikufanyika. Daktari mzuri atakuheshimu baada ya mara mbili tatu. Asiye mzuri atakufokea, na utamuuliza tena wiki ijayo.

Na alama ya kuuliza je? Hii imeletwa na kijana wa Nakuru: daktari kaandika taifodi, mbele kaweka kialama cha kuuliza. Maelekezo ya kitabu cha dunia yanasema kama mgonjwa ameshamaliza matibabu na ugonjwa bado umeandikwa kuwa wa kushukiwa, na hakuna maelezo mengine popote, unauandika kana kwamba umethibitika. Taifodi ni A01.0. Lakini "hakuna maelezo mengine popote" ni maneno mazito. Kwanza tafuta majibu, kwanza muulize daktari. Dada yetu wa Ohio naye asikilize, kwa sababu kwa Wamarekani sheria inagawanyika: mgonjwa wa nje mwenye ugonjwa wa kushukiwa tu haandikiwi ugonjwa huo hata kidogo, anaandikiwa dalili zake, tuseme homa, R50.9. Aliyelazwa, ikiwa daktari bado anashuku siku ya kumruhusu, anaandikiwa ugonjwa. Mtu anayejifunza kwa vitabu vya nchi moja akafanya kazi ya nchi nyingine hujikwaa hapa.

Sasa tufanye mgonjwa mzima, maana wagonjwa halisi hawaji na ugonjwa mmoja. Baba wa miaka hamsini na kitu, abiria wa bodaboda, kagongwa na gari dogo barabarani. Kavunjika mfupa wa ugoko katikati. Kalazwa, kapigwa picha, kawekewa plasta. Wakati wa kumpima ikaonekana ana sukari ya aina ya pili ambayo haijaleta madhara yoyote, akaanzishiwa vidonge. Faili lake lina karatasi nyingi za sukari kuliko za mguu, kwa sababu alipimwa kila asubuhi.

Ugonjwa mkuu ni upi? Wanafunzi wengi wanahesabu karatasi. Maelekezo yanasema ugonjwa mkuu ni ule uliobainika mwishoni mwa matibabu ambao hasa ndio uliomfanya mgonjwa ahitaji tiba au uchunguzi. Kilichomleta na kumlaza ni mguu. Kwa hiyo S82.2 inatangulia, E11.9 inafuata. Bado hujamaliza, kwa sababu kitabu kinataka kujua pia ilikuwaje. Mwendesha pikipiki au abiria wake aliyegongana na gari yuko V23, na tarakimu ya mwisho inaeleza alikuwa nani: nne ni dereva, tano ni abiria, barabarani. Baba yetu ni V23.5. Naambiwa mara kwa mara kwamba misimbo hii ya ajali ni kupoteza muda. Mtu anayesema hivyo hajakaa mapokezi ya mifupa Jumamosi usiku. Tukitaka kujua bodaboda inavunja abiria wangapi na madereva wangapi, kofia ngumu ziende kwa nani, jibu liko kwenye hiyo nne au tano uliyoona uvivu kuiandika.

Sura hiyo ya ajali, tukiwa hapo, ndiyo niipendayo kuliko zote. Mkwezi akianguka kutoka kwenye mnazi ni W14, kuanguka kutoka mtini. Aliyekaa chini ya mnazi akadondokewa na nazi ni W20, kupigwa na kitu kinachoanguka. Mamba ana msimbo wake mwenyewe, W58. Waliokaa wakapanga orodha hii waliwaza mbali.

Kuna alama mbili nyingine za kukutisha, msalaba mdogo na nyota. Usiogope. Ugonjwa mmoja unaweza kuwa na misimbo miwili, wa chanzo na wa mahali ulipojitokeza. Kifua kikuu kilichoingia kwenye utando wa ubongo ni A17.0 yenye msalaba na G01 yenye nyota. Wa msalaba hutangulia, na wa nyota kamwe hausimami peke yake. Basi.

Hadi hapa tumezungumza magonjwa tu. Huduma aliyopewa mgonjwa, yaani upasuaji, vipimo, kushonwa, kuongezewa damu, ni habari nyingine, na hapa ndipo kozi za mtandaoni zinapowachanganya watu. Kitabu cha ICD-10 cha dunia hakina misimbo ya upasuaji. Kila nchi, na mara nyingi kila bima, ina orodha yake. Kwa Tanzania utakutana na kitita cha mafao na bei zake. Kwa Kenya, tangu SHA ichukue nafasi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, madirisha yanafanya kazi kwa taratibu za SHA. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa orodha ya kimataifa ya huduma, ICHI, lakini kwenye dirisha lako leo kinachokulisha ni orodha ya bima iliyobandikwa ukutani. Ijue hiyo kwanza.

Marekani wao wana vitabu vinne na dada wa Ohio lazima avijue vyote. Cha magonjwa ni ICD-10-CM, walichoanza kukitumia rasmi tarehe 1 Oktoba 2015, kimekuzwa kutoka kile cha dunia na misimbo yake hufika herufi na tarakimu saba. Huduma za daktari na za wagonjwa wa nje ziko kwenye CPT, tarakimu tano, mali ya chama cha madaktari cha huko tangu 1966, na kwa kuwa ni mali ya mtu, si cha bure. Huduma za wagonjwa waliolazwa ziko kwenye ICD-10-PCS. Tena kuna HCPCS kwa vifaa, dawa na magari ya wagonjwa, herufi moja na tarakimu nne.

PCS inatisha kuitazama lakini kwa maoni yangu ndiyo yenye akili kuliko zote, hata kwa mtu wa Morogoro ambaye hataitumia kazini, kwa sababu inakufundisha kuusoma upasuaji. Chukua mtu aliyetolewa kidole tumbo kwa matundu madogo na kamera. Msimbo ni 0DTJ4ZZ. Sifuri ni sehemu ya upasuaji. D ni mfumo wa chakula. T ni tendo lenyewe, kuondoa kiungo chote. J ni kidole tumbo. Nne ni njia iliyotumika, matundu na kamera. Z mbili za mwisho zinasema hakuna kifaa kilichoachwa ndani na hakuna la kuongeza. Angepasuliwa tumbo kwa kisu, ile nne ingekuwa sifuri. Angekatwa kipande tu, ile T ingekuwa B. Na hutaona herufi O wala I mahali popote humo, waliziacha makusudi zisichanganywe na sifuri na moja. Kila nafasi ni swali: wapi, nini kilifanyika, kwa njia gani, kimeachwa nini. Nenda na maswali hayo kwenye ripoti ya upasuaji ya hospitali yoyote duniani, utaielewa.

Sasa bima, kijana wa Nakuru. Madai yenu yanarudi kwa nini? Nina hakika sehemu kubwa ni hii: ugonjwa ulioandikwa na huduma inayodaiwa havisalimiani. Umeandika malaria, unadai picha ya mguu. Huenda mgonjwa kweli alianguka akiwa na homa, na mguu ulipigwa picha kwa haki kabisa, lakini wewe hukuuandika mguu. Anayelipa hayupo wodini, ana karatasi yako tu. Kabla fomu haijatoka dirishani, chukua kila huduma moja moja uitafutie ugonjwa unaoielezea. Ukikosa, rudi kwenye faili. Kama na faili halina, huduma hiyo huwezi kuidai.

Na hapo pana mtego ambao nataka tuongee kama watu wa nyumba moja. Siku moja mkubwa wako atakuita pembeni akuambie, "Hii homa andika nimonia, tulipwe." Atasema hospitali inadaiwa, mishahara imechelewa, bima wenyewe ni wezi. Baadhi ya hayo yanaweza kuwa kweli. Usiandike. Mwambie kwa adabu kwamba daktari akiandika nimonia na kusaini, wewe utaweka msimbo wa nimonia. Utashangaa jinsi ombi hilo linavyokufa likihitaji saini ya mtu mwingine. Jina lako ndilo liko kwenye mfumo, muda na dakika uliyoingiza. Marekani serikali inawashitaki wadanganyifu wa madai kwa sheria ya tangu 1863, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na hadi leo inatumika kwa madai ya matibabu. Tena mbali na sheria, kuna mtu atabaki na nimonia kwenye historia yake asiyowahi kuugua.

Siri za watu nisizitaje? Utawaona majirani kwenye mafaili. Utaona shemeji, utaona mwalimu wako wa zamani, utaona B20, msimbo wa VVU. Ukitoka mlangoni hujaona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, Marekani wana HIPAA ya 1996. Na usipige picha ya skrini kumuuliza rafiki kwenye WhatsApp, hata ukifuta jina. Andika swali kwa maneno yako.

Nitasema kidogo na kuhusu vifo, kwa sababu ndipo kazi yote hii ilipoanzia. Orodha ya kwanza ya kimataifa, aliyoiandaa Mfaransa Jacques Bertillon na kukubaliwa Chicago mwaka 1893, ilikuwa ya sababu za vifo tu. Shirika la Afya Duniani liliichukua mwaka 1948 na ndipo magonjwa ya walio hai yakaingizwa. Cheti cha kifo kina mistari. Juu kabisa ni kilichomuua papo hapo, chini yake kilichosababisha hicho, unashuka hivyo hadi mstari wa chini kabisa uliojazwa, na huo ndio chanzo, ndio unaohesabiwa. Juu ya vyeti vingi utakuta imeandikwa kwamba moyo ulisimama, halafu chini hamna kitu. Kila aliyekufa moyo wake ulisimama! Mama aliyevuja damu baada ya kujifungua, O72, akiandikiwa hivyo, ametoka kwenye hesabu ya vifo vya wazazi. Kwenye ripoti ya mkoa mama huyo hakufa kwa uzazi, na mkutano wa kujadili kwa nini benki ya damu ilikuwa tupu usiku ule hautaitishwa. Cheti cha namna hiyo kirudishe kwa daktari siku hiyohiyo, kabla ndugu hawajaondoka na maiti, maana baadaye hakuna wa kuulizwa.

Mtajifunzia wapi? Elimu ya mwili kwanza. Kitabu cha biolojia cha sekondari ulichokiuza, kitafute tena. Ujue mfupa wa ugoko uko wapi na wa paja uko wapi, ini liko upande gani. Kisha miisho ya maneno ya madaktari: kinachoishia na -itis ni uvimbe wa ndani wenye joto, -ectomy ni kukata na kuondoa, -ostomy ni kutoboa tundu na kuliacha wazi. Miisho kama hiyo michache inafungua mamia ya maneno. Vifupisho viogope, MS kwa daktari wa moyo ni vali iliyobana, kwa daktari wa mishipa ya fahamu ni ugonjwa mwingine kabisa. Soma nani aliyeandika.

Orodha ya ICD-10 ya dunia iko wazi bila malipo kwenye tovuti ya Shirika la Afya Duniani, na ile mpya ya ICD-11 pia. Hiyo ya kumi na moja ilipitishwa Mei 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, na sura yake ni tofauti: presha iliyokuwa I10 sasa ni BA00, sukari ya aina ya pili iliyokuwa E11 ni 5A11. Nchi zinahamia kwa mwendo wao. Usisubiri hospitali yako ihame ndipo ujifunze, lakini pia usiruke ya kumi. Mafaili yaliyoko rafuni ni ya kumi. Mwenye nia ya kuifanya kazi ya maisha, Kenya chuo cha KMTC wana diploma ya kumbukumbu za afya, na tangu sheria ya 2016 fani yenyewe inatambuliwa na ina usajili wake. Hiyo ni njia ngumu na ndefu. Ndiyo ninayoipendekeza.

Dada wa Ohio, wewe nakujibu peke yako. Kazi ya nyumbani ipo, si uongo, ila haimpokei mgeni kirahisi. Wenye kutoa vyeti vinavyoheshimiwa huko ni AAPC na AHIMA. Mtihani wa CPC wa AAPC ni maswali 100 kwa saa nne, unaingia na vitabu vyako, na kufaulu ni asilimia 70. Kuingia na vitabu kusikudanganye. Asiyezoea kuvifunua muda humwishia katikati. Ukifaulu bila uzoefu cheti chako kinawekewa alama ya mwanagenzi, na waajiri wa kazi za nyumbani wengi wanataka mtu aliyeivuka hatua hiyo. Kwa hiyo tafuta kwanza nafasi yoyote ndani ya ofisi ya daktari au hospitali, mapokezi, bili, mafaili, hata kama dola ni zilezile za kazi ya usiku. Na kozi ya wiki mbili inayokuahidi kazi ukimaliza, pesa yako iache benki. Faili za ICD-10-CM na PCS serikali yao inazitoa bure. Anza nazo miezi miwili, uone kama unaipenda kazi ya kukaa kimya na karatasi za watu. Wengine hawaipendi, na si dhambi.

Haya, kazi ya nyumbani. Mtoto wa miaka sita mwenye selimundu kalazwa na maumivu makali ya mifupa. Kipimo cha malaria kimeonyesha falciparum. Kaongezewa damu, karuhusiwa baada ya siku nne. Daktari ameandika maneno mawili tu: selimundu, malaria. Niandikieni misimbo ya magonjwa yake, upi unatangulia na kwa nini, na swali moja ambalo mngempelekea daktari kabla ya kuandika chochote. Atakayeniletea namba bila lile swali sitamsahihisha.